Sanamu ya Mkunazini na njia ya misafara ya Tabora

MKAZI wa Kanyenye mjini Tabora anayefika Unguja na kuingia katika uwanja wa Kanisa Kuu la Anglikana, Mkunazini, hukutana na historia inayouhusu pia mji wake. Ndani ya shimo la pembe nne zimesimama sanamu tano za wanaume na wanawake, shingoni zimefungwa minyororo.

Kazi hiyo, Kumbukumbu ya Watumwa, ni ya mwaka 1998 na iliundwa na msanii wa Sweden, Clara Sörnäs. Miili ni ya zege, lakini minyororo ni ile halisi ya enzi za biashara ya utumwa. Mtazamaji husimama juu na kuwainamia waliomo shimoni.

Hapo palikuwa na soko la watumwa hadi Juni 1873, Sultani Barghash alipotia saini mkataba na Uingereza wa kulifunga. Utumwa wenyewe haukukoma siku hiyo. Hadhi yake kisheria ilifutwa Zanzibar mwaka 1897, na Tanganyika mwaka 1922.

Baadhi ya waliouzwa walitoka bara kwa njia ya misafara ya Ujiji hadi Bagamoyo, yenye urefu unaozidi kilomita 1,200. Tabora, ambayo Richard Burton aliifikia mwaka 1857 akaiita Kazeh, ilikuwa kituo kikuu. Hapo misafara ilipumzika, ikabadili wapagazi na kugawanyika, mingine ikielekea Ujiji, mingine Karagwe na Buganda.

Hata hivyo, si kila aliyebeba pembe za ndovu alikuwa mtumwa. Wapagazi wengi wa Kinyamwezi walikuwa watu huru, waliopatana ujira wao na kulipwa kwa nguo, shanga na nyaya. Jambo hilo sanamu ya Mkunazini haiwezi kulieleza. Ni wajibu wa Tabora kulisimulia.

Mwaka 2006 Tanzania iliiwasilisha njia hiyo katika orodha ya awali ya urithi wa dunia ya UNESCO, pamoja na vituo vya Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Kwihara, nje kidogo ya Tabora, hujulikana zaidi kwa tembe alimokaa David Livingstone mwaka 1872.

Kijana wa Tabora anastahili kuelezwa habari za mgeni huyo, za pagazi aliyelipwa, na za mateka waliopita hapo bila majina yao kuandikwa popote.