Kelele za Bustani na Sheria za Miji

Msomaji, ua uliojengwa imara waweza kumzuia mwizi na mbuzi wa jirani, lakini hauwezi kuizuia sauti. Kwa sababu hiyo watu wakaao karibu karibu mijini hawana budi kupatana juu ya kelele, na pasipo mapatano hutungwa sheria. Natwende basi hadi Marekani, tukatazame jinsi mashine moja ndogo ya bustani ilivyowatia watu katika ugomvi wa miaka mingi, na jinsi watunga sheria walivyojifunza polepole kuuliza swali ambalo hapo kwanza hawakuliuliza.

Zamani nyasi za bustani zilikatwa kwa mundu mrefu, au ziliachiwa kondoo. Mwaka wa 1830 Edwin Budding, fundi Mwingereza wa upande wa Stroud, alipata hati ya kulinda uvumbuzi wake wa mashine ya kukatia nyasi, iliyosukumwa kwa mikono. Mwaka wa 1902 kampuni ya Ransomes, ya huko huko Uingereza, ikatoa mashine ya kuendeshwa kwa petroli. Tangu hapo kazi ikawa nyepesi, na sauti ikawa nzito.

Katika miaka ya 1970 ilienea Marekani mashine nyingine, iliyobuniwa Japani, ya kupuliza majani makavu. Mtu huibeba mgongoni, akaelekeza bomba lake chini, na upepo wake ukayakusanya majani. Huko California ilipokewa upesi kwa sababu ya ukame: maji yalipoadimika, watu walikatazwa kuoshea njia na nyua zao, basi upepo ukashika nafasi ya maji. Lakini injini ya mashine hiyo huchoma petroli iliyochanganywa na oili, na sehemu isiyo ndogo ya mafuta hayo hutoka bila kuungua. Idara ya hewa ya California imekadiria kwamba mashine kubwa ya namna hiyo ikitumiwa kwa saa moja huchafua hewa sawasawa na gari jipya dogo liendalo maili 1,100. Tena kelele zake ni kali, na huvuka nyua nyingi.

Mji mdogo wa Carmel-by-the-Sea ulizikataza mashine hizo mwaka wa 1975, na baada ya miaka michache mji wa Beverly Hills ukafuata. Serikali kuu ya Marekani ilikuwa imetunga sheria ya kelele mwaka wa 1972, lakini mapema katika miaka ya 1980 ofisi iliyoisimamia ilinyimwa fedha. Tangu hapo mzigo wa kelele uliangukia zaidi mabaraza ya miji na majimbo.

Ugomvi mkubwa ulizuka Los Angeles. Mwaka wa 1996 baraza la jiji lilikataza kutumia mashine hizo za petroli katika umbali wa futi 500 kutoka makazi ya watu, na sheria hiyo ikaanza kutumika mwezi wa Februari, 1998. Wenye nyumba waliotaka utulivu walifurahi. Watunza bustani, ambao wengi wao walikuwa wahamiaji maskini kutoka Mexico na nchi za jirani, walihuzunika. Walisema kwamba wakirudia ufagio na reki, kazi ya bustani moja itachukua muda mrefu zaidi, nao watapata bustani chache kwa siku na chakula kichache nyumbani. Mwezi wa Januari, 1998, baadhi yao waligoma kula mbele ya jumba la jiji. Adhabu ilipunguzwa, lakini sheria ilibaki.

Wahenga walisema, mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Kila upande ulikuwa na haki yake: huyu ataka usingizi na hewa safi, yule ataka riziki. Lakini tazama jambo moja lililokuwa rahisi kusahauliwa. Wataalamu wa afya ya kazi hushauri mtu asikae katika kelele za desibeli 85 kwa zaidi ya saa 8, na kila zinapozidi kwa desibeli 3, muda huo ukatwe nusu. Zikifika desibeli 100, muda ni dakika 15 tu. Basi ni nani aliyesimama karibu kabisa na injini hiyo, akiisikia na kuvuta moshi wake kutwa? Si mwenye nyumba aliyelalamika, bali ni yule yule aliyegoma kula ili aendelee kuibeba. Mashine ilimlisha na kumdhuru pamoja.

Funzo hilo halikupotea. Jiji la Washington lilipitisha mwaka wa 2018 sheria ya kukataza mashine za petroli za kupuliza majani, lakini ikaanza kutumika Januari, 2022, ili watu wapate nafasi ya kununua zile za umeme. Nayo California mwaka wa 2021 iliamua kuwageukia waundaji: injini ndogo mpya za bustani zitakazoundwa tangu mwaka wa 2024 zisitoe moshi. Zile za zamani hazikunyang'anywa wenyewe, na dola milioni 30 zilitengwa kuwasaidia wafanyakazi kubadili vifaa vyao.

Ewe msomaji, huenda siku moja utaketi katika baraza la mji wako, na mbele yako italetwa sheria njema ya kuondoa udhia fulani. Usiulize tu kama udhia huo ni wa kweli. Uliza pia ni nani atakayelipa gharama ya kuuondoa, na kama anao uwezo wa kulipa. Utulivu ulionunuliwa kwa njaa ya mtu mwingine haudumu, kwa maana mwenye njaa naye ana sauti.