Ratili na wakia

Ratili (pia paundi, kifupi lb) ni kipimo cha uzito chenye wakia (aunsi, oz) 16. Majina ratili na wakia yametoka katika Kiarabu. Kifupi lb kimetokana na neno la Kilatini *libra*, mizani. Ratili ya Kirumi iligawanywa katika wakia 12 (*uncia* kwa Kilatini), na neno hilo lilimaanisha sehemu moja ya kumi na mbili.

Tangu makubaliano ya kimataifa ya mwaka 1959, ratili moja ni kilo 0.45359237 kamili, hivyo wakia ni takriban gramu 28.35. Kupata wakia, ratili huzidishwa kwa 16. Kurudi nyuma, wakia hugawanywa kwa 16 na baki husomwa kama wakia. Mtoto mchanga wa ratili 7 na wakia 6 ana wakia 118, yaani kilo 3.35 hivi. Kosa la kawaida liko kwenye desimali: ratili 7.5 ni ratili 7 na wakia 8, si wakia 5.

Dhahabu na fedha hupimwa kwa wakia ya troi, yenye gramu 31.1 hivi. Wakia hiyo ni nzito kuliko ya kawaida, lakini ratili yake, yenye wakia 12 tu, ni nyepesi: takriban gramu 373.

Marekani bado hutumia vipimo hivi madukani. Afrika Mashariki vilitumika kabla ya mfumo wa metriki. Frasila, kipimo cha uzito wa karafuu Zanzibar, ilikuwa takriban ratili 35.