Difu ya mjomba na barabara ya Kisaki

Najua nimepotea kidogo, kisa ni field, halafu test zikafuatana kama mabehewa. Leo Jumamosi hapa SUA mvua inanyesha tangu alfajiri, Uluguru yote imejifunika mawingu, bumu halijatoka, kwa hiyo sina pa kwenda. Nikaona niandike jambo lililonikaa moyoni tangu masika iliyopita. Ni historia, ila ni historia ya gia. Msikimbie, wale wa kozi za sanaa pia mtaelewa.

Ukimtajia mtu Kisaki, aliyesoma kidogo atakwambia Selous, yule mwindaji Mwingereza aliyeuawa vitani Beho Beho, si mbali na hapo, tarehe 4 Januari 1917. Mwingine atakwambia stesheni ya TAZARA. Mimi nikisikia Kisaki nasikia Bedford ya mjomba inapanda kilima kwa gia namba moja, utingo akitembea pembeni na kipande cha gogo mkononi, tayari kuweka kigingi nyuma ya tairi.

Bedford yenyewe ni ya jeshi. Ni ile MK ya tani nne, ya jeshi la Uingereza, matairi yote manne yanavuta. Jeshi lilipomaliza kazi nayo ikauzwa kama mali iliyozidi, ikazunguka ikatua Dar, mjomba akaichukua. Inabeba mpunga na ufuta kutoka Kisaki kupitia Mvuha, Matombo na Mkuyuni hadi Morogoro mjini, kilomita 130 na kitu, na bei ikiwa nzuri inaendelea hadi Dar. Kabla sijapata mkopo, ada yangu ilitoka kwenye bodi la lori hilo. Naomba mlikumbuke hili mnaposoma.

Tatizo la mjomba lilikuwa barabara ya lami. Huko porini Bedford ni simba, lakini ikishika lami ya Dar inakuwa kero. Gia ziko nne tu. Ukifika ya nne, kilomita sabini na kitu kwa saa, injini inapiga kelele kama mashine ya kukoboa na dizeli inashuka huku unaiona. Mabasi yanakupita, Fuso zinakupita, na mwisho wa safari hesabu ya mafuta imekula hesabu ya mpunga.

Kwa nini iko hivyo? Kwa sababu jeshi halinunui lori kwa ajili ya lami. Linataka lori lipande mlima na mzigo, livute mzinga, litoke kwenye tope, litambae kwenye msafara bila kuchemsha. Yote hayo yanataka gia fupi, yaani injini izunguke mara nyingi ili tairi lizunguke mara moja. Wamarekani katika vita kuu ya pili walitengeneza malori ya GMC aina ya CCKW zaidi ya 560,000. Difu yake ilikuwa 6.6 kwa 1, na mwendo wake wa juu kama kilomita 72 kwa saa. Kwa vita ilitosha kabisa. Vita vilipokwisha yakasambaa duniani mikononi mwa raia, na kila aliyelinunua alinunua pia zile gia zake fupi.

Sasa mimi, mwaka wa kwanza, ndiyo nimetoka kusoma mambo ya usafirishaji wa nguvu kwenye trekta, nikajiona bingwa. Nikamwandikia mjomba hesabu nyuma ya risiti ya dukani. Tuseme tairi lina mzunguko wa mita 3.5. Ukienda kilomita 70 kwa saa, unakwenda kama mita 1,167 kwa dakika, kwa hiyo tairi linazunguka mara 333. Difu ikiwa 6 kwa 1, gia ya juu moja kwa moja, injini inazunguka mara 2,000. Ukiweka difu ya 5 kwa 1, injini inazunguka kama mara 1,667 tu. Mwendo ule ule, kelele kidogo, msuguano kidogo ndani ya injini, mafuta kidogo. Mjomba akaangalia ile risiti, akasema, "Kumbe mjomba, shule siyo bure."

Tukapata difu ya lori la kiraia, fundi akaitengeneza ikakaa. Difu ya nyuma. Ya mbele tukaiacha kama ilivyo.

Wale wanaojua magari nadhani mmeshashika kichwa. Safari mbili za Dar mjomba alinipigia simu anacheka. Kisha masika ikaingia. Karibu na Mvuha barabara iliteleza, mjomba akaingiza gia za kuvuta kwa matairi yote manne kama alivyozoea miaka yote. Kwenye tope lori likaenda, kwa sababu tope linaruhusu tairi liteleze. Lilipotoka kwenye tope na kukanyaga sehemu ngumu, matairi ya mbele yanataka mwendo wao na ya nyuma wao, yamefungwa pamoja kwenye transfa moja. Hakuna pa kuteleza. Kitu kikapasuka kwa mlio uliosikika hadi kijijini. Lori likalala pale siku tatu na mpunga wa watu, mvua juu yake. Magunia ya chini yaliota.

Mjomba hakunigombeza. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alisema tu, "Hesabu yako ilikuwa sawa, ila ilikuwa nusu."

Nikarudi chuo na aibu yangu, nikaanza kukaa maktaba kusoma habari za barabara ile. Wadau, nilikuta kosa langu lilishafanywa Kisaki hapo hapo, mwaka 1916, na jenerali mzima.

Ilikuwa hivi. Majeshi ya Smuts yaliingia Morogoro tarehe 26 Agosti 1916, Wajerumani wa Lettow-Vorbeck wakarudi nyuma kuuzunguka mlima kuelekea Kisaki walikokuwa na bohari zao. Smuts akawafuata kwa pande zote mbili za Uluguru. Upande wa magharibi, kupitia Mlali, njia ilikuwa mbaya kiasi kwamba wapanda farasi wa Brits walilazimika kuendelea bila mizinga na magari yao ya mizigo. Brits akafika Kisaki tarehe 7 Septemba, akashambulia, akarudishwa nyuma. Kesho yake, tarehe 8, Nussey akafika kwa njia nyingine ya mlimani bila habari ya yaliyompata mwenzake, naye akapigwa peke yake. Vikosi viwili vya jeshi moja, kila kimoja na mwendo wake. Siku chache baadaye Wajerumani waliiacha Kisaki wenyewe wakashika mstari wa mto Mgeta, na pale pakawa mpaka wa vita hadi Januari 1917.

Upande wa mashariki, ambao ndio barabara ya mjomba, magari yalipita lakini kwa shida. Mizigo ilishushwa Mikese kwenye reli, ikapakiwa kwenye malori kuelekea kusini, na mvua ziliponyesha malori mazito yakazama na kuikata barabara. Ford nyepesi zilipita pale ambapo lori zito lilikwama. Ukiangalia Ford wenyewe, somo la gia walikuwa nalo wazi. Gari lao la Model T lilikuwa na difu ya karibu 3.6 kwa 1. Walipotoa lori lake la tani moja mwaka 1917, aina ya TT, waliweka 7.25 kwa 1, na kwa anayetaka mwendo zaidi kulikuwa na 5.17 kwa 1. Yaani mnunuzi anachagua: nguvu au mwendo. Injini ni ile ile.

Na pale gurudumu liliposhindwa kabisa, mzigo ulipanda kichwani kwa mtu. Hapa hesabu ya mafuta inakuwa hesabu ya roho za watu. Tuseme mpagazi anabeba kilo 27 na anakula kilo moja kwa siku. Mtume safari ya siku kumi kwenda na kumi kurudi, akila kutoka kwenye mzigo wake, kinachofika na kubaki ni kilo saba. Ndiyo maana walihitajika wengi vile, na upande wa Waingereza peke yake karibu laki moja walikufa, wengi kwa magonjwa na njaa. Kariakoo ya Dar imebeba jina la kikosi chao. Tunapita pale kununua viatu vya mtumba, hatukumbuki.

Mkidhani hayo ni ya zamani sana, sogeeni hadi Kongwa mwaka 1947. Serikali ya Uingereza ilianzisha mradi wa karanga, ikakosa matrekta mapya kwa sababu dunia ndiyo imetoka vitani, ikakimbilia mali ya jeshi. Matrekta yaliyotumika yaliletwa kutoka Ufilipino, na kiwanda cha Vickers-Armstrongs kikageuza vifaru vya Sherman kuwa matrekta, vikaitwa Shervick. Kifaru kimetengenezwa kwenda vitani na kupiga, siyo kung'oa visiki vya Kongwa mchana kutwa kwenye udongo unaokauka kama tofali. Mradi ulifungwa mwaka 1951, na hasara ilipita pauni milioni 36. Sisemi ulikufa kwa sababu ya gia, sababu zilikuwa nyingi. Nasema tu kwamba chuma cha vita hakikusahau kazi yake ya kwanza kwa kupakwa rangi nyingine.

Hapo ndipo nikaelewa kosa langu. Kubadili difu hakuongezi nguvu hata chembe. Unaihamisha tu kutoka kwenye mlima kwenda kwenye lami, kama mtu anayevuta shuka fupi: ukifunika kichwa, miguu iko nje. Hata kama tungebadili difu zote mbili, mbele na nyuma zikalingana, transfa isingepasuka, lakini ile gia ya kwanza ya kupandia Matombo ingekuwa ndefu, na klachi ndiyo ingelipa.

Likizo nilirudi kwa mjomba. Shikamoo yangu ilitoka kwa sauti ndogo. Nikamwambia turudishe difu ya zamani, tuongeze gia badala ya kubadili zote. Fundi akapata giaboksi ya gia tano kutoka Bedford ya kiraia iliyokufa, ile ya tano ni ovadraivu, injini ikizunguka mara 8 shafti inazunguka mara 10. Shafti ilikatwa ikaungwa upya, vishikizo vikatengenezwa. Kwa sababu giaboksi iko kabla ya transfa, matairi ya mbele na ya nyuma yanapata badiliko lile lile, hayagombani. Kwa mfano wa hesabu yangu, zile 2,000 zinakuwa 1,600 kwenye lami, na gia za chini za kutambaa bado zipo.

Nisiwadanganye. Kisaki hadi Moro mjini mafuta ni karibu yale yale, maana gia ya tano huko haina pa kuitumia. Tofauti inaonekana baada ya hapo, kwenye lami ya Dar. Na giaboksi, difu iliyopotea na magunia yaliyoota, mjomba bado anayalipa safari kwa safari. Ile risiti yenye hesabu yangu ameibandika juu ya kioo cha mbele. Nilimwomba aitoe, akakataa. Anasema inamkumbusha kuuliza, "na mbele je?"

Niishie hapa wadau, umeme unakatika katika na Jumatatu nina test saa mbili. Mwenye picha za zamani za barabara ya Matombo au mwenye babu aliyesimuliwa habari za wapagazi, anitafute hosteli. Mvua inazidi. Naombea lori lisiwe njiani.