Mali ya Watu Wasio na Ukoo

Msafiri atokaye Dumila akielekea kaskazini, kwa njia ya Magole na Turiani, huiona milima ya Unguu, na penye milima hiyo ndipo ilipo Mhonda. Huko, mwaka 1877, Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni yao ya kwanza ya bara, baada ya ile ya Bagamoyo iliyoanzwa mwaka 1868. Nao hawakwenda peke yao: walifuatana na Wakristo wenye ndoa, waume kwa wake, waliokombolewa utumwani wangali wadogo, wakalelewa misheni Bagamoyo.

Na tupime mali ya watu hawa. Wanguu, kama jirani zao Wakaguru na Waluguru, huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Kwa desturi hiyo mtu hupata shamba, na msemaji wa shauri lake, kwa wajomba. Lakini aliyetekwa alinyang'anywa mama, na pamoja naye hayo yote. Kwa hesabu ya nchi walikuwa maskini kabisa. Akiba yao ilikuwa akili na mwenendo.

Walakini tusidhani ya kuwa mafundisho peke yake yalitosha. Kule Bagamoyo kengele iliamuru kuamka, kusali na kufanya kazi, na wako waliochoka wakatoroka. Mtu aweza kutii kengele miaka kumi asipate hekima hata punje. Tabia hujulikana kengele isiposikika: katika kupima nafaka, kulipa deni, kukaa na mke, kumwangalia jirani mgonjwa. Jirani asiyejua kusoma katekisimu humsoma Mkristo mwenyewe.

Lugha yetu nayo yashuhudia. Maneno hekima, hakimu na hukumu yatoka shina moja la Kiarabu. Mwenye hekima, basi, ni yule apambanuaye jema na baya penye shauri, wala si yule aliyehifadhi maneno mengi. Ndiyo maana Sulemani, alipoambiwa aombe atakalo, aliomba moyo wa kupambanua, asiombe mali.

Wazee husema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Basi, walimu wenzangu, tuhesabupo waliofaulu mtihani, tuulize na hili: mtoto huyu akienda ugenini, pasipo mjomba wala kengele, wenyeji watapona nini kwake?