Dhamiri na Utii: Henry David Thoreau katika Vita dhidi ya Utumwa

Henry David Thoreau (1817–1862), mwandishi wa insha za kifalsafa wa Concord, Massachusetts, Marekani, hukumbukwa sana kwa usiku mmoja aliolala gerezani mwezi wa Julai 1846. Kwa miaka kadhaa alikuwa amekataa kulipa kodi ya kichwa kwa serikali iliyolinda utumwa, na ambayo mwaka ule ilianza vita na Meksiko. Mtu mwingine alimlipia, akaachiliwa kesho yake. Insha yake juu ya jambo hilo ilichapishwa mwaka 1849. Yafundisha kwamba serikali ikimfanya raia kuwa chombo cha kumdhulumu mwenzake, hana budi kukataa, hata kama atafungwa. Baadaye insha hiyo iliwasaidia Mohandas Gandhi na Martin Luther King.

Kwa kuwa Thoreau aliishi peke yake kando ya ziwa Walden (1845–1847), wengi humdhania mtu aliyejitenga na jamii. Sisi twaona kwamba dhamiri yake ililelewa nyumbani. Mama yake na dada zake walikuwa wanachama wa chama cha wanawake cha kupinga utumwa, kilichoanzishwa Concord mwaka 1837. Jamaa hiyo iliwapokea watumwa waliotoroka. Oktoba 1851 Thoreau mwenyewe alimpandisha Henry Williams katika gari moshi akimbilie Kanada, ingawa sheria ya mwaka 1850 iliadhibu msaada wa namna hiyo.

Aidha, mwaka 1859 alimtetea hadharani John Brown, aliyeshika silaha ili kuwakomboa watumwa. Hapo hatuwezi kumfuata kwa wepesi. Lakini wanaomtaja kama mwalimu wa amani tu hawajamsoma wote.

Je, jambo hili latuhusuje sisi Walutheri? Mara nyingi Warumi 13 imefundishwa pasipo Matendo 5:29. Hata hivyo Luther mwenyewe, katika kitabu chake cha mwaka 1523 juu ya mamlaka ya dunia, alisema kwamba raia ajuaye kwa hakika kuwa mtawala wake apigana vita isiyo ya haki, asimfuate. Basi, Mkristo atakayekataa uovu kesho apaswa kulelewa leo. Usharika usiompokea mkimbizi mlangoni usitazamie kwamba waumini wake watakuwa na ujasiri mbele ya watawala.