CD ya Bure, Skrini Nyeusi

CD yenyewe ilikuwa ya bure. Mpaka Aprili 2011, kampuni ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini ilikuwa ikituma Ubuntu kwa posta kwa yeyote aliyeomba. Moja, toleo la 2010, ilimfikia abti Garissa, na baada ya miaka nikairithi pamoja na kompyuta yake kuukuu.

Nikaitia. Nembo ikatokea, halafu skrini ikawa nyeusi tii, na CD bado inazunguka humo ndani. Nikajua nimeua mashine ya watu.

Kumbe chanzo chake ni cha 2009 hivi. Zamani skrini ilipangwa na programu iitwayo X, na aliyekwama alihariri faili ya xorg.conf kwa mkono. Miaka hiyo kazi ikahamia ndani ya kerneli. Picha ikatulia kweli, lakini kadi ambazo watengenezaji walificha siri zake, wajitolea walizikisia tu. Wakikosea, wewe uko gizani.

Dawa ni neno moja, nomodeset, uliandike kabla mfumo haujawaka. Kerneli inaiacha kadi, unapata picha kubwa, mbaya, lakini unaona.

Neno lenyewe liko wapi? Kwenye intaneti. Nikatembea hadi saiba, nikaliandika kiganjani. Linux ikaingia, nikazima, nikawasha: nyeusi tena. Hakuna aliyeniambia kwamba ukiliandika pale, ni la kuwasha huko kumoja tu. La kudumu huwekwa kwenye /etc/default/grub, kisha sudo update-grub.

Nikarudi saiba.