THE GODFATHER: MUVI ILIYOTENGENEZWA KWA HOFU YA KUTIMULIWA

Ukiicheki The Godfather leo unaweza kudhani kila kitu kilienda kama kilivyopangwa. Wapi! Dairekta wake, Francis Ford Coppola, aliifanya huku akijua kibarua kinaweza kuota nyasi muda wowote.

Machi 1971 wakati kazi inaanza jijini New York, jamaa alikuwa na miaka 31 tu. Kitabu cha Mario Puzo hakukizimikia mwanzoni, lakini kampuni yake ndogo ilikuwa na madeni, na madeni hayana adabu. Akakubali.

Balaa likaanzia kwa waigizaji. Mabosi wa Paramount hawakutaka kusikia jina la Marlon Brando. Kwao alikuwa msumbufu na muvi zake zilikuwa zimebuma. Coppola akamfuata nyumbani na kamera. Brando akapaka nywele kiwi, akajaza tishu mashavuni, na Don Corleone akatokea pale pale. Mabosi walipoiona ile video wakanywea.

Kwa Al Pacino ndo usiseme. Hakuwa na jina, halafu mfupi. Siku za mwanzo za kushuti zilizidi kumharibia, ikabaki kidogo atemwe. Kilichomwokoa ni sini ya mgahawani, ile Michael anawapiga risasi watu wawili mezani. Baada ya mabosi kuiona, hadithi ya kumtema ikafa.

Na mtaani nako kulikuwa kwa moto. Umoja wa Wamarekani wenye asili ya Italia, ukiongozwa na Joe Colombo, bosi wa mafia kabisa, ulidai muvi itawachafua. Prodyuza Al Ruddy akakaa naye mezani, wakakubaliana neno "Mafia" litolewe kwenye skripti. Juni 1971, muvi ikiwa bado inashutiwa, Colombo akapigwa risasi hadharani kwenye mkutano wake huko huko New York. Hadithi na maisha vikawa kitu kimoja.

Machi 1972 muvi ikatoka, watu wakapanga foleni. Ikabeba Oscar ya filamu bora. Brando akapewa ya muigizaji bora, akaikataa, akipinga jinsi Hollywood ilivyowachora Wahindi Wekundu. Sehemu ya pili ya 1974 nayo ikabeba filamu bora.

Lakini kubwa zaidi ni hili: baada yake, jambazi wa kwenye muvi hakuwa tena mtu wa bastola tu. Akawa baba mwenye harusi ya binti yake, mtoto wa kubatizwa na meza ya chakula. Njia hiyo ndiyo The Sopranos walikuja kuipita.

Brando waliyemkataa na Pacino waliyetaka kumtema ndio sura ambazo dunia inazikumbuka mpaka leo. Ungekuwa Coppola, ungekomaa au ungesepa?